Roketi ya Mabomba Huko Shaba

Likasi, mji wa Kongo ulioitwa Jadotville hadi 1966, hutajwa katika historia ya dunia kwa sababu ya urani ya Shinkolobwe, jirani yake. Lakini ni katika mkoa wake huohuo, wakati ukiitwa Shaba, ambako OTRAG, kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi, ilijaribu kufika angani, kaskazini mwa mkoa, juu ya mto Luvua. Kilichoizima si ufundi bali siasa, na wepesi wa muundo wake ndio uliozidisha hofu.

Lutz Kayser, mwanzilishi wa OTRAG, hakutaka chombo cha kifahari. Alichukua mabomba membamba ya chuma, kila moja na injini yake, akayafunga pamoja; mzigo ukizidi, unaongeza mabomba. Pampu hazikuwepo: hewa iliyoshindiliwa ilisukuma mafuta ya taa na asidi ya nitriki, na vali ziliendeshwa na mota za waipa za magari. Ili kugeuza roketi, ilitosha kupunguza nguvu ya injini za upande mmoja. Ya kwanza iliruka Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya Mobutu mwenyewe, rais wa Zaire (Kongo ya leo), na wapo wanaosema mambo yaliishia hapo. Sikubali. Hata roketi za Marekani zilianguka ovyo mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha Kennedy, hakuona haya kuongoza bodi ya OTRAG. Moscow ndiyo iliyopiga kelele kwamba roketi za OTRAG ni silaha. Majirani wa Zaire wakaingiwa na wasiwasi. Wala hoja yao haikuwa ya kipuuzi, maana kinachoweza kubeba setilaiti kinaweza kubeba bomu. Mwaka 1979 Mobutu alivunja mkataba, kampuni ikahamia Libya, ambako hofu ileile iliongezeka.