Karafuu, Springi ya Saa na Mzizi wa Jino

Mwaka 1838, Edward Maynard, daktari wa meno wa Washington ambaye wengi humkumbuka kwa bunduki alizobuni, alichukua springi ya saa akaipiga tupa mpaka ikapenya ndani ya mzizi wa jino. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kifaa cha kwanza cha kusafishia mzizi. Sindano zenye meno ninazotumia kila siku ni wajukuu wake. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimesomea meno Muhimbili, na kwa miaka mingi sasa nashughulika na mizizi tu. Madaktari wenzangu wanapokwama, huniletea jino na swali moja: libaki au ling'olewe?

Zamani watu wa mataifa mengi waliamini kwamba ndani ya jino bovu mna mdudu anayetafuna. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1728, alieleza kwamba alimtafuta mdudu huyo asimwone. Jino lenye jipu alilitoboa ili usaha utoke, kisha akaweka pamba yenye mafuta ya karafuu au mdalasini. Wakati huo Pemba haikuwa na shamba la karafuu hata moja; miche ilifika visiwani kwetu mapema karne ya 19, na tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Mafuta yanayokamuliwa kwenye makonyo pale Wawi, Pemba, yana dawa ileile ambayo madaktari walikuja kuichanganya na unga wa zinki kuzibia meno. Mgonjwa wa kwetu akikaa kitini kwangu huitambua harufu hiyo kabla sijamweleza lolote.

Kutoboa ni jambo moja, kuujaza mzizi uliokwisha safishwa ni jingine. Kabla ya ganzi, kiini cha jino kilichokuwa hai kiliuliwa kwa aseniki, njia aliyoieneza Spooner wa New York mwaka 1836. Sumu ile ikivuja ilikula ufizi na mfupa. Mwaka 1867 Bowman wa St. Louis alianza kujaza mizizi kwa gataperka, utomvu wa miti ya Malaya. Utomvu huohuo ndio uliofunika waya wa simu ya baharini uliofika Zanzibar mwaka 1879, kwa sababu hauozi ndani ya maji. Ndiyo sifa tunayoihitaji mdomoni, na mpaka leo hatujaiacha.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1910 William Hunter, tabibu wa London, alihutubia Montreal akashutumu kazi za dhahabu zilizojengwa juu ya mizizi iliyooza, akazitaja kuwa chanzo cha maradhi ya mwili mzima. Alikuwa na haki kuhusu uchafu alioushuhudia. Lakini wafuasi wake waling'oa kila jino lililokufa, na mengine mazima, kwa miongo kadhaa. Naumia nikifikiria vinywa vile. Waliokataa kung'oa walikuwa wachache, na silaha yao ilikuwa picha ya eksirei. Edmund Kells wa New Orleans alikuwa ameshaitumia mwaka 1899 kupima urefu wa mzizi; mionzi ilimla vidole, kisha mkono. Wachache hao waliunda chama chao Chicago mwaka 1943, na mwaka 1963 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikakubali kwamba mizizi ni ubingwa kamili. Miaka miwili baadaye jaribio la panya lilimaliza ubishi: viini vilivyoachwa wazi vilikufa kwa panya wa kawaida, vikapona kwa panya waliolelewa pasipo vijidudu. Kwa hiyo adui ni vijidudu, na vinaweza kutolewa jino likabaki.

Hukumu ninayotoa leo imejengwa juu ya hayo. Maji baridi yakishtua jino na maumivu yakatulia papo hapo, kiini mara nyingi ni kizima. Shimo lizibwe tu. Chai ya moto ikiacha maumivu yanayodumu, au jino likimwamsha mtu usiku bila kuguswa, kiini hakirudi tena. Ninaowahofia zaidi ni wale ambao maumivu yamekatika ghafla wakashukuru Mungu. Mara nyingi kiini kimekufa, na baada ya muda kipele chenye usaha kitatokeza kwenye ufizi. Mzizi uliopasuka kwa urefu, hapo nasema wazi kwamba koleo ndilo jibu.

Jino la mbele lenye mfereji mmoja ulionyooka, daktari wa kawaida hulimaliza vizuri. Mengi yanayoletwa kwangu ni gego la kwanza la juu lililokwisha tibiwa na bado linauma. Nafunga mpira wa kuzuia mate, naondoa gataperka ya zamani, naosha kwa dawa ya aina ileile inayong'arisha nguo nyeupe. Kisha chini ya hadubini nakwangua polepole sakafu ya jino, karibu na tundu la mbele la upande wa shavu. Mara nyingi hapo hutokea kitone cheusi: mfereji wa nne, ambao haukuwahi kuguswa.