Msomi Asiyependeza

Watu wa pwani ya kusini hawatazami mchezo kimya. Anayedhani kuwa mtazamaji ni mtu aliyefunga mdomo na kufungua macho, basi hajakaa barazani Kilwa Masoko au Lindi mjini usiku wa tamthiliya, televisheni moja ikiwa imetolewa nje, watoto mkekani mbele, kina mama nyuma yao, na wanaume wamesimama kando wakijifanya wanapita njia tu. Mwigizaji akisema uongo huambiwa pale pale kuwa ni mwongo. Akimdharau mama yake husonywa na baraza zima. Na katika miaka yote niliyotazama pamoja na watu hawa, nimeona kwamba hakuna anayesonywa kuliko msomi.

Mwizi husamehewa, kwani pengine ana njaa. Mlevi huchekwa. Hata mke mwenye hila hupata wa kumtetea, kwa kuwa kila mtu anamjua mume aliyemfikisha huko. Lakini kijana aliyerudi na shahada, akaona haya kula sinia moja na ndugu zake, akamsahihisha baba yake mbele ya wageni, huyo hana wakili. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Wapo wanaosema ni wivu wa watu wasiosoma. Mimi sikubali. Wivu hutamani kitu cha mwenzio, na sijamwona barazani aliyetamani maisha ya msomi yule. Jibu, nadhani, limo katika historia yetu.

Na tuanze na mtoto wa pwani hii hii. Ebrahim Hussein, mwandishi mkubwa wa tamthiliya za Kiswahili, alizaliwa huku kusini mwaka 1943. Tamthiliya iliyompa jina, Kinjeketile, ilitoka mwaka 1969, nayo inahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Kinjeketile mwenyewe, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mchezo huo watu waliupenda upesi, kwa sababu una shujaa. Na hata shujaa huyo akiwa na shaka moyoni, msomaji anajua asimame upande gani.

Miaka miwili baadaye, 1971, Hussein akatoa Mashetani, na humo msomaji hakuachiwa pa kusimama. Vijana wawili, Juma na Kitaru, ni wanafunzi wa chuo kikuu na ni marafiki. Juma ni wa ukoo uliokuwa na mali Zanzibar ukanyang'anywa na Mapinduzi ya mwaka 1964. Kitaru ni mtoto wa familia iliyoinuka pamoja na uhuru. Mchezo unaanza wakiigiza chini ya mbuyu, mmoja akiwa shetani na mwenzake binadamu. Na kuanzia hapo mambo yanaharibika. Kitaru anaugua ugonjwa usio wa mwili. Nyumbani kwa Juma kuna bibi anayeishi katika utukufu uliokwisha. Nyumbani kwa Kitaru kuna wazazi wanaoishi katika mali iliyokuja jana. Vijana wanazungumza vizuri, wanafikiri sana, na hawapendezi. Mwisho urafiki wenyewe unavunjika.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa Afrika Mashariki wameulizwa katika mitihani: shetani ni nani? Jibu la kawaida ni ukoloni, au ukoloni mamboleo, na ni jibu la heshima. Lakini bibi mmoja wa Kilwa Kivinje niliyemsimulia kisa hicho hakujishughulisha na shetani hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni yupi kati ya wale vijana wawili aliyekuwa akimtekea bibi maji. Nilipomwambia kuwa jambo hilo halimo kitabuni, akasema basi amekwisha kuwaelewa.

Swali lile limenifundisha mengi kuhusu watazamaji wetu. Sisi tuliopitia madarasa ya fasihi tunampima mhusika kwa mawazo yake: anasema nini, anawakilisha tabaka gani. Baraza linampima kwa deni lake: nani alimlea, nani aliuza nini ili asome, na sasa analipa kwa sarafu gani. Kwa kipimo cha kwanza Juma na Kitaru ni watu wa kina. Kwa kipimo cha pili hawajaanza hata kuhesabiwa.

Kipimo hicho cha deni hakikubuniwa barazani peke yake. Mwalimu Nyerere alikitia katika siasa ya nchi. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akichukua kile chakula asirudi, ni msaliti. Mfano huo ulikuja kupata uzito wake tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho yao, kupinga sheria ya kulitumikia taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema kuwa afadhali enzi za ukoloni. Rais alikasirika. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa.

Walipelekwa wapi? Walirudishwa makwao, kwa wazazi wao. Wengi walipokewa tena chuoni mwaka uliofuata, na vitabu vya historia hushughulika zaidi na siasa ya tukio hilo. Mimi hufikiri juu ya zile siku za nyumbani. Fikiri, msomaji, mzee wa kijijini amekaa kibarazani, anamwona mwanawe aliyemsomesha kwa jasho anashuka garini na sanduku lake, na serikali imekwisha kutangaza redioni kwamba watoto hawa wamekataa kuwatumikia watu waliowalipia. Hakuna mwandishi aliyehitajika kuitunga tamthiliya ile. Iliigizwa katika nyumba zaidi ya 300 kwa wakati mmoja, na watazamaji wake walikuwa ndugu.

Kwa hiyo Mashetani, iliyotoka miaka mitano tu baadaye, iliwakuta watazamaji ambao tayari walikuwa na kesi mkononi.

Redio nayo iliongeza lake. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ufundi wake ulitoka mbali: Miguel Sabido wa Mexico, katika miaka ya 1970, alikuwa amebuni namna ya kupanga wahusika watatu watatu, mwema wa kuigwa, mbaya wa kuchukiwa, na wa katikati anayeyumba mpaka anajirekebisha. Mbaya wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu ndiye aliyeyumba kisha akasimama. Katika eneo la mtambo wa Dodoma mchezo huo haukurushwa mpaka mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha. Nao waliona kwamba mchezo huwageuza watu hasa pale wanapouzungumza, mume na mke, rafiki na rafiki. Kumbe kusonya kule barazani si utovu wa adabu. Ndiyo kazi yenyewe.

Lakini Mkwaju alitengenezwa achukiwe, na kumchukia ni rahisi kama kushuka mlima. Msomi wa Hussein hakutengenezwa hivyo. Hussein alisomea mambo ya tamthiliya Berlin ya Mashariki, nchi ya Bertolt Brecht, aliyetaka mtazamaji asizame ndani ya mhusika bali abaki nje akihukumu. Sisi kusini hatukuhitaji kufundishwa na Brecht. Hatujapata kukaa ndani. Tatizo letu ni la upande wa pili: tunahukumu upesi mno, kabla ya kujiuliza kama hukumu hiyo inatugusa.

Mchezo mwingine wa Hussein unalionyesha hilo. Kwenye Ukingo wa Thim, uliotoka mwaka 1988, unatokana na kesi ya kweli ya Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986 mjini Nairobi. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukamtaka Siaya. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na marehemu akazikwa kwao baada ya zaidi ya miezi mitano. Nimeukuta ubishi juu ya mchezo huu ukigawanya baraza. Vijana huwa na mjane. Wazee huwa na ukoo. Lakini nimeona pia wazee wakinyamaza pale mtu anapouliza: huo ukoo, marehemu alipokuwa hai, ulimtembelea kwa ajili yake au kwa ajili ya mfuko wake? Hapo kipimo cha deni kinageuka na kuwakata walioshika mpini. Kwani deni la nyumbani lina pande mbili, na jamaa nao wanaweza kushindwa kulipa.

Hapo ndipo penye uzito, hasa kwa watu wa huku. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, Tanzania Bara ikaipata mwaka 1994, na sisi tulikuwa wa mwisho mwisho kuona picha. Mpaka Daraja la Mkapa lilipovuka Rufiji mwaka 2003, masika yalitufungia barabara, na mtoto aliyekwenda kusoma Dar es Salaam alikuwa kama amekwenda ng'ambo. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, ilianza kwenda Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, ikawasha taa na televisheni za huko wakati vijiji vingi vya Kilwa vikiwa bado na vibatari. Kijiji kilikuwa kimetoa chakula chake tena, na kikakaa kungoja.

Tarehe 22 Mei 2013 watu wa Mtwara, jirani zetu, walikuwa wakifuatilia bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikisomwa bungeni. Walisikia kuwa bomba jipya la gesi litakwenda Dar es Salaam kama ilivyopangwa. Zikazuka vurugu, nyumba zikachomwa, watu wakapoteza maisha, jeshi likatumwa. Waziri aliyesoma bajeti ile alikuwa profesa wa jiolojia. Sisemi hivyo kumlaumu. Hoja za serikali kuhusu uchumi wa taifa zima zilikuwapo na zilistahili kusikilizwa. Nasema tu kwamba watu wale walisikia sauti waliyoizoea: mtoto wa nyumba aliyesoma sana akiwaeleza wazazi, kwa takwimu, kwa nini hawapaswi kulalamika. Hoja ilitolewa kwa lugha ya mawazo, wao wakaisikiliza kwa kipimo cha deni. Hapakuwa na mtu wa katikati.

Ndiyo maana siwaombi watazamaji wetu wampende msomi wa kwenye tamthiliya. Mgeni kabisa hasonywi. Husonywa mtu ambaye bado anadaiwa, yaani mtu ambaye bado ni wetu. Siku baraza litakapomtazama kijana yule anamdharau baba yake na lisitoe hata mguno, hapo tujue kuwa deni limefutwa, na udugu pamoja nalo. Ninachowaomba ni kulifikisha swali la yule bibi wa Kivinje mpaka mwisho. Nani alimtekea bibi maji? Naam. Na kijana alipokuwa peke yake mjini, akiugua ugonjwa usio na jina kama Kitaru, nani kutoka nyumbani alipanda gari kwenda kumwuliza hali? Nimelitoa swali hilo la pili barazani mara chache. Kila mara jibu limechelewa.