Njia za Milimani katika Pwani ya Liguria

Katika pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi ya Italia, milima huteremka ghafula mpaka baharini, isiache hata uwanda mdogo wa kulima. Hapo pana vijiji vitano: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, kwa ajili yake nchi hiyo huitwa Cinque Terre, yaani Nchi Tano. Wageni wengi huenda huko kutembea katika vijia vyembamba vilivyo juu ya mawimbi, na aghalabu hudhani kuwa vilitengenezwa ili watu watazame bahari. Sivyo, viliwekwa na wakulima.

Yapata miaka elfu moja iliyopita, wenyeji walianza kuyakata matelemko ya mlima yakawa kama ngazi. Kila ngazi waliizuia kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila chokaa wala saruji, wakajaza udongo nyuma yake, wakapanda mizabibu. Maji ya mvua hupenya polepole katikati ya mawe hayo, na udongo hubaki mahali pake. Njia nazo zilikuwa za kupandia mashambani, kuteremshia zabibu na kwendea kijiji cha jirani. Maana kabla ya reli ya Genova na La Spezia kukamilika mwaka 1874, msafiri alikuwa na miguu yake au mashua tu.

Reli ilileta biashara, lakini pia iliwafungulia vijana mlango wa kutoka. Wengi walikwenda kufanya kazi ya mshahara katika karakana za jeshi la wanamaji huko La Spezia. Hata Via dell'Amore, yaani Njia ya Mapenzi, iliyo kati ya Riomaggiore na Manarola, ilitokana na kazi ya reli katika miaka ya 1920, baruti ilipohitaji kuwekwa mbali na nyumba za watu. Baadaye vijana wa vijiji hivyo viwili walikutana hapo, ndipo ikapata jina lake.

Mashamba yalipoachwa, kuta zilianza kubomoka. Wazee wetu husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua isiyo ya kawaida iliporomosha matope na mawe juu ya Vernazza na Monterosso, na watu wakafa. Mvua ndiyo iliyoanza, lakini mlima usio na mtunzaji hauna nguvu ya kuizuia. Mwaka 2012 mawe yaliangukia Njia ya Mapenzi yakawajeruhi wageni wanne. Njia hiyo haikufunguliwa yote tena mpaka mwaka 2024.

UNESCO iliiandika nchi hiyo katika urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 1999 ikafanywa hifadhi ya taifa. Hayo ni mema, lakini sheria haipangi mawe. Wageni huongezeka na wakulima hupungua, hali mgeni apita siku moja na ukuta wataka mtu wa kuutazama kila mwaka. Bila jembe la mkulima kule juu, njia ya mtembezi kule chini haitadumu.