UNENE WA VIJANA: KIBUYU CHA MAZIWA NA CHUPA YA SODA



Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alifika Karagwe katika ufalme wa Rumanyika, ng'ambo ya mto Kagera, kusini ya nchi iitwayo leo Isingiro. Huko alimpima mwanamke wa jamaa ya mfalme, na mzingo wa mkono wake wa juu ukawa karibu sentimita 58. Binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa akinyweshwa maziwa, na baba ameshika fimbo ili asiache.

Desturi hiyo ilikuwapo pia kwa Wahima wa Ankole. Unene wa msichana ulitangaza kwamba zizi la baba limejaa. Wakulima wa vilima hivyo hivyo hawakuwa na anasa hiyo. Basi tangu zamani uzito wa kijana ulikuwa jambo la mali na cheo. Sotoka ilipofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, msingi wa desturi hiyo ulitikisika.

Leo fimbo haipo, lakini unene umeingia kwa njia nyingine. Katika Uganda, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 17 mwaka 2006; kufikia 2016 walikuwa asilimia 24. Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia waliongezeka kutoka milioni 11 mwaka 1975 hadi milioni 124 mwaka 2016. Mjini Mbarara kijana hupanda bodaboda pale babu yake alipotembea kwa miguu, na chapati na soda ziko karibu kila kona.

Lakini kusini-mashariki ya mji huo, jirani na Endiinzi, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda, kisha yakapokea wa Kongo, Burundi na Somalia. Mwezi Aprili 2020 mgawo wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2021 ukapunguzwa tena. Mwenye fedha chache hununua kinachojaza tumbo kwa bei ndogo: wanga, mafuta na sukari. Ndiyo maana umaskini huweza kukondesha, na huweza pia kunenepesha.

Majeshi yameyaona yote mawili. Mwaka 1946 Marekani ilitunga sheria ya chakula cha mchana shuleni, kwa sababu mojawapo kwamba vijana wengi walikataliwa jeshini wakati wa vita kwa lishe duni. Mwaka 2010 makamanda wastaafu wa nchi hiyo hiyo walionya kwamba vijana wengi wanakataliwa kwa unene.

Hapana budi, basi, askari anayepokea makuruti Mbarara au anayepita doria Endiinzi atambue kwamba mwili wa kijana si ushahidi wa uvivu wala wa utajiri. Kabla ya kumcheka mnene au kumdharau aliyekonda, na aulize kijana huyo hula nini, kwa bei gani, na kama ana kiwanja cha kuchezea. Maswali hayo yanafaa pia kambini, ambako watoto wa askari wenyewe wanakua.