Subira ya Rabai



Kamati ya jubilii ilinipa ukurasa wa historia, na huenda wengi mnatarajia orodha ya wenyeviti na walimu wa kwaya tangu siku ya kwanza. Mimi nimechagua kuandika kuhusu subira. Ndilo neno lililotajwa kuliko yote katika mikutano yetu ya mwaka huu, na sidhani kama sote tulilitumia kwa maana moja. Wengine walimaanisha kungoja. Wengine walimaanisha kunyamaza. Mwalimu wa kwaya alimaanisha kurudia ubeti wa pili mpaka sauti ya nne ikubali.

Basi twendeni Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, si mbali na Mombasa. Hapo ndipo misheni ya CMS ilipoanza katika nchi hii, na hapo ndipo utakapoona subira ni kitu cha namna gani.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika hilo la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Ethiopia. Alikuwa na mkewe, Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawachukua wote wawili, mama kwanza, kisha mtoto. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Kaburi liko upande wa bara, Nyali, na mpaka leo watu hulitembelea. Tukisimulia habari za wamishonari huwa tunamruka mama huyu kwa sentensi moja. Hakuhubiri hata siku moja katika nchi hii, lakini hakuna aliyelipa zaidi yake.

Mtu angetarajia Krapf afunge mizigo arudi kwao. Yeye aliendelea na kazi aliyokuwa ameianza mwezi mmoja kabla ya msiba, kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hili nalo ni la kukumbukwa: Mwislamu msomi alimsaidia Mkristo kutafuta maneno. Sisi tunaoimba kwa Kiswahili kila Jumapili tuna deni kwa meza ile.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, na mwezi Agosti wawili hao wakahamia Rabai kwa ruhusa ya wazee wa huko. Wote walikuwa wamedhoofika kwa homa. Hawakuingia Rabai kama mashujaa. Waliingia wakiwa watu wa kuonewa huruma.

Miaka ikapita. Watu walikuja kusikiliza, wakauliza maswali, wengine wakataka kujua kama kutakuwa na chakula, kisha wakarudi mashambani. Aliyebatizwa wa kwanza alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu kufa, na muda mfupi baadaye akafa kweli. Nataka mtafakari hapo kidogo, hasa nyinyi wenye kupenda takwimu. Hebu fikirini ripoti ya mwaka iliyopelekwa London: baada ya miaka kadhaa, mshiriki mmoja, naye amefariki.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Tangu 1846 hadi 1875 hakurudi Ulaya hata mara moja. Miaka 29! Kwaya yetu inasherehekea jubilii na tayari tunajiona wazee.

Wengi wanamfahamu Rebmann kwa sababu ya Kilimanjaro. Mei 1848 aliuona mlima ule ukiwa na theluji, akaandika, na wasomi waliokuwa wamekaa London wakambishia kwamba karibu na ikweta hakuwezi kuwa na theluji. Alingoja zaidi ya miaka kumi kabla ya wasafiri wengine kufika na kuthibitisha maneno yake. Lakini kwangu hiyo ndiyo sehemu ndogo ya habari zake. Mlima haukuwa na mahali pa kwenda. Jambo gumu lilikuwa Rabai, kuamka kila siku mahali ambapo hakuna kinachoonekana kubadilika. Mkewe, Emma, alifariki huko mwaka 1866. Macho yake yakaanza kufifia. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika jambo la kukomesha biashara ya watumwa, alipopita mwaka 1873 alimkuta mzee huyu karibu kipofu, amezama katika kamusi zake, na Wakristo wa kuhesabika.

Kuna waliomwona ni mtu aliyeshindwa. Siwalaumu sana. Ukipima kwa vichwa, alishindwa. Ila tazama alikuwa akifanya nini miaka ile. Alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kinika kama kilivyoitwa wakati ule, na ya lugha ya Nyasa, ambayo alifundishwa na Salimini, mtu wa Malawi aliyeletwa pwani kama mtumwa. Subira ya Rebmann ilikuwa na kalamu mkononi. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka kuionyesha, kwa sababu kuna ngojangoja inayojiita subira. Mwanakwaya anayekosa mazoezi miezi miwili kisha akasema anamngojea Bwana amfungulie sauti, huyo hasubiri. Hata mkulima anayengoja mvua amekwisha kulima.

Aliporudi Ulaya mwaka 1875, kipofu, aliyemwongoza njiani alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Baba yake Nyondo, Abe Gunja, alikuwa miongoni mwa waumini wa kwanza kabisa. Rebmann alifariki mwaka uliofuata. Kamusi yake ya lugha ya Nyasa ilitoka 1877. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf nayo ilitoka 1882, na mwenyewe alikuwa amefariki Novemba 1881. Wote wawili hawakuzishika kamusi hizo zikiwa zimechapishwa.

Sasa nije kwa wale ambao vitabu huwataja haraka. Mwaka 1864 walifika Rabai vijana Waafrika kutoka India, kati yao William Jones na Ishmael Semler. Walikuwa wamechukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa na kulelewa katika shule ya misheni Nasik, karibu na Bombay. Wakafundisha, wakahubiri, wakatafsiri. Walipewa ushemasi mwaka 1885, mikononi mwa Askofu Hannington. Hesabuni wenyewe: miaka 21 ya kufanya kazi ya mchungaji bila kuitwa mchungaji. Kulikuwa na Wazungu waliofika jana wakawekwa juu yao.

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu neno “vumilia” limetumika vibaya makanisani. Mjane akinyang'anywa shamba anaambiwa avumilie. Binti akipigwa kwenye ndoa anaambiwa asubiri, Mungu yupo. Watu wa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa Kisauni mwaka 1875, walipigwa viboko na msimamizi wa misheni yenyewe. Hawakunyamaza. Walilalamika mpaka ukafanywa uchunguzi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na msimamizi yule akaondoka. Walalamikaji wakabaki, na ibada ikaendelea. Mimi naona hiyo pia ni subira: kukataa uovu bila kuliacha Kanisa mikononi mwa watenda maovu.

Miezi michache baada ya kuwekewa mikono, Jones alifuatana na Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga Oktoba 1885. Jones, aliyekuwa amebaki nyuma na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewaongoza wapagazi kurudi. Waliingia Rabai Februari 1886, wakiwa wamechoka na wenye njaa. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, wakajenga vibanda, wakajiunga na madarasa. Jones mwenyewe aliyajua maisha ya utumwa, hakuhitaji kuelezwa. Mabwana wakaja kuwadai. Hatimaye kukawa na makubaliano ya kuwalipa mabwana hao fidia, na takriban watu 1,400 wakapata uhuru.

Sherehe ya kutoa hati ilifanyika Rabai tarehe 1 Januari 1889. Watu waliitwa majina mmoja mmoja, kila mtu akapokea karatasi yake, mahali pale pale ambapo Rebmann alihesabu Wakristo wake kwa vidole.