Mlo wa Pasaka Kandokando ya Mlima Elgon



Sisi wa Rusizi twajua kwamba chakula cha sikukuu hakiliwi kwa ajili ya kushiba tu. Siku ya Umuganura, mtama na ulezi hutukumbusha mavuno na umoja wetu. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji uliizima sikukuu hiyo, na Gashamura, mkuu wa ibada zake, akahamishiwa Burundi. Ilirejeshwa kitaifa mwaka 2011. Leo nawasimulia habari za jirani zetu waliopatwa na mkasa wa namna hiyo: Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda.

Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1919, karibu na mji wa Mbale, na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyesoma Agano la Kale akaazimia kuzifuata sheria za Musa. Miongoni mwa sikukuu zao ni Pasaka, ambayo huadhimisha siku Waisraeli walipotoka utumwani Misri kwa haraka, wasipate hata nafasi ya kuuacha unga uumuke. Ndiyo sababu Wayahudi popote walipo hula mikate isiyotiwa hamira. Unga ukishaguswa na maji, sharti mkate uanze kuokwa kabla ya dakika 18 kupita.

Sheria hiyo ni moja, lakini vyakula vingine hufuata ardhi. Upo mchanganyiko mtamu uitwao haroseti, unaokumbusha udongo waliojengea watumwa. Ulaya Mashariki huutengeneza kwa tufaha na jozi. Wayahudi wa Iraki hutumia tende. Abayudaya huzitwanga karanga, wakazichanganya na ndizi mbivu na asali. Mezani kumbukumbu ni ileile, ingawa ladha ni ya Mbale.

Idi Amin alipoitawala Uganda, aliipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Wengi walihamia Ukristo au Uislamu. Wachache waliobaki wakasali kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kuiteka Kampala, redio ilitangaza kuwa serikali ya Amin imeanguka. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ikaingia. Sikukuu ya kutoka utumwani ikawa na maana mbili.

Funzo la uraia ni hili: serikali inayoweza kukifunika chungu cha jirani yako leo, kesho itakifunika chako. Abayudaya wenyewe wamelielewa. Mwaka 2004 walianza kuuza kahawa pamoja na jirani zao Wakristo na Waislamu katika ushirika mmoja, Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiganda ni amani tamu.

Zoezi: andika aya moja kuhusu chakula cha sikukuu nyumbani kwenu. Kinakumbusha nini, na ni nani aliyekufundisha?