Hoja ya Mtoto na Mizani ya Mtahini: Historia Fupi ya Upimaji wa Insha ya Kushawishi katika Shule za Msingi

Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari nchini Marekani nakala za karatasi moja ya mtihani, wakawaomba waisahihishe. Walimu 142 waliisahihisha, na alama walizotoa zilianzia 64 zikafika 98 kati ya 100. Karatasi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni msomaji tu. Mwaka huohuo Milo Hillegas wa Chuo cha Walimu cha Columbia alijaribu kutibu ugonjwa huu kwa kutunga mizani yenye insha kumi za mfano, kila moja ikiwa na thamani yake kuanzia 0 hadi 937. Mwalimu aliitazama insha ya mwanafunzi wake, akatafuta mfano unaofanana nayo kwa ubora, kisha akaandika thamani ya mfano huo.

Mizani ya Hillegas ilikuwa na kasoro ambayo haikuonekana upesi. Iliuliza kama insha ni nzuri, bila kuuliza kwanza insha hiyo iliandikwa ili ifanye kazi gani. Ngano, maelezo ya safari na barua ya kuomba ruhusa zote zilitiwa katika pishi moja. Ilibidi ipite zaidi ya nusu karne kabla ya Richard Lloyd-Jones, katika makala yake ya mwaka 1977 iliyotokana na tathmini ya kitaifa ya uandishi nchini humo, kueleza kinagaubaga njia ya kupima sifa kuu: andiko lililokusudiwa kushawishi lipimwe kwanza kwa namna linavyoshawishi. Hati nzuri, tahajia sahihi na msamiati mpana ni mambo yenye heshima yake, lakini si hayo yanayompa msomaji sababu ya kubadili msimamo.

Matunda ya fikra hiyo yanaonekana katika swali moja la tathmini hiyohiyo la mwaka 2002, lililopewa watoto wa darasa la nne. Kitabu wakipendacho kimepotea katika maktaba ya shule, na mkutubi hana hakika kama atakinunua tena. Mtoto alipewa dakika 25 amwandikie barua ya kumshawishi, na jibu lake likawekwa katika mojawapo ya ngazi sita. Uzuri wa swali hili ni kwamba lina msomaji anayejulikana, tena mwenye shaka. Mtoto anayeandika kwamba kitabu ni kizuri sana, kizuri mno, bado hajamjibu mkutubi. Anayesema kwamba wenzake nao hukisoma ameanza kumjibu.

Katika Afrika Mashariki historia imepita njia nyingine. Nchini Kenya, Kiswahili kilianza kutahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi kwa KCPE ya kwanza ya mwaka 1985, chini ya mfumo wa 8-4-4. Karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, na insha ilitengewa alama 40 na dakika 40. Kwa hakika hili lilikuwa jambo kubwa. Somo ambalo shule nyingi zililipa kisogo lilipata ghafla walimu, vitabu na vipindi. Lakini swali la insha mara nyingi lilikuwa sentensi ya mwanzo ambayo mtahiniwa aliiendeleza, au ya mwisho ambayo alitakiwa kuifikia, yaani swali la masimulizi. Ushawishi ulijitokeza kwa nadra zaidi, ndani ya hotuba, barua rasmi au mjadala.

Athari yake inafahamika kwa kila aliyefundisha darasa la nane. Wanafunzi walikariri mianzo mizima: jua linachomoza kwa madaha, ndege wanatumbuiza, umande unameremeta kama lulu. Walikariri orodha za methali na tashbihi, na mwalimu aliyetaka shule yake ipae aliwapa orodha ndefu zaidi. Watu wengi wamewacheka watoto hao bila haki. Mtoto hutazama kinacholipwa na mtahini, na mapambo yalionekana kulipwa. Matokeo yake, hata alipotakiwa kumshawishi mwalimu mkuu aanzishe bustani ya mboga, alianza na jua na madaha yake.

Hata hivyo, kuna hatari ya kukimbilia upande wa pili. Mwaka 1958 Stephen Toulmin alieleza kwamba hoja ina dai, ushahidi, na kanuni inayouunganisha ushahidi na dai. Watafiti walitumia vipengele hivi kupima maandishi ya wanafunzi. Thomas McCann, kwa mfano, aliwalinganisha mwaka 1989 wanafunzi wa madarasa ya 6, 9 na 12. Mtahini akiichukua mizani hiyo bila kuifikiria upya, ataihesabu methali kuwa pambo na kuiweka kando. Tuchukue mfano wa mtoto anayedai kwamba paa la darasa lirekebishwe kabla ya masika. Anaandika: “Mabati mawili yameachana na ukuta umeanza kulowa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Methali hapo ndiyo kanuni yenyewe ya Toulmin: inaeleza kwa nini dogo la leo ni sababu tosha ya kutumia fedha leo. Iondolewe, na ushahidi unabaki ukining'inia. Lakini methali hiyohiyo ikitiwa katika insha kuhusu faida za michezo, ni pambo tupu. Kipimo basi si idadi ya methali, bali kazi ya kila moja mahali ilipo.

Sarufi nayo hutoa ushahidi ambao mtahini mwenye haraka huupita. Mtoto anayeandika “tungekuwa na kisima, tusingechelewa masomo” ametumia -nge- kujenga ulimwengu usiokuwapo na kumwalika msomaji aingie. Anayeandika “ingawa fedha ni chache” amekubali hoja ya mpinzani kabla ya kuijibu, na hiyo ni hatua adimu katika umri wake. Hata salamu na unyenyekevu wa mwanzo wa barua kwa mzee wa mtaa si maneno ya kupoteza nafasi. Katika jamii ya Waswahili, ombi lisilo na heshima halisikilizwi, hata liwe na sababu kumi.

Leo upimaji huo umebaki bila jukwaa la kitaifa mwishoni mwa elimu ya msingi nchini Kenya. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na tathmini ya gredi ya sita iliyoanza mwaka 2022 ilijengwa juu ya maswali ya kuchagua jibu. Nchini Tanzania, fomu zinazosomwa kwa mashine ziliingia katika mtihani wa darasa la saba mwaka 2012, na mashine hizo hazisomi insha. Kwa hiyo barua ya mtoto kuhusu paa inavuja au haivuji hoja kwa hukumu ya mtu mmoja tu, mwalimu wa darasa, mwenye ngazi nne za matarajio upande wa Kenya na rundo la madaftari mezani, bila mtahini wa pili wa kumwambia kwamba yeye ametoa 64 pale ambapo mwenzake angetoa 98.